Nani Mwenye Saa? Safari Ndefu ya Kuoanisha Wakati wa Kompyuta na wa Mtambo

Alasiri ya tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika katika majimbo manane ya Marekani na katika jimbo la Ontario, Kanada. Watu wapatao milioni 50 waliachwa bila umeme. Vituo 265 vya kuzalisha umeme vilijiondoa kwenye gridi, na sehemu kubwa ya anguko hilo ilitokea kati ya saa kumi na dakika 5 na saa kumi na dakika 13. Serikali za nchi hizo mbili ziliunda tume, na tume ikakuta kwamba kabla ya kumlaumu yeyote lazima ijibu swali moja: kipi kilitangulia?

Rekodi hazikukosekana. Kila kituo kilikuwa na kompyuta, kila kompyuta ilikuwa na kumbukumbu za matukio, na kila tukio lilikuwa limepigwa muhuri wa wakati. Lakini saa nyingi zilizopiga mihuri hiyo hazikuwa zimeoanishwa na kipimo kimoja. Swichi iliyofunguka Ohio ingeweza kuonekana kwenye karatasi kama iliyofunguka kabla ya kisa kilichoifungua. Ilibidi wachunguzi wazipatanishe rekodi kwa mkono, moja baada ya nyingine, wakitafuta matukio yaliyoonekana na vyombo viwili kwa pamoja ili wajue kila saa ilikuwa imepotoka kwa kiasi gani. Baada ya kazi hiyo walipendekeza kwamba vyombo vya kurekodi kwenye gridi vilazimishwe kufuata wakati mmoja. Leo kanuni za Amerika ya Kaskazini zinavitaka vyombo hivyo visitofautiane na wakati wa dunia kwa zaidi ya milisekunde 2.

Ninaanza na mkasa huo kwa sababu wengi wetu tunaofanya kazi na mitambo huiona saa ya mashine kuwa pambo la kioo cha kompyuta. Ikiwa mbele dakika tatu, nani ataumia? Jibu ni kwamba saa ya mtambo ni shahidi. Ndiyo inayosema kama pampu ilizimika kwa sababu presha ilishuka, au presha ilishuka kwa sababu pampu ilizimika. Saa mbili zisizopatana ni mashahidi wawili wanaopingana, na fundi anayetegemea ushahidi wao atabadilisha kifaa kizima na kukiacha kibovu mahali pake.

Swali la msingi limekuwa lile lile kwa karibu miaka mia mbili: saa ipi itiiwe, na ujumbe wake unachelewa kiasi gani njiani? Kila kizazi kilichojibu sehemu zote mbili kilifanikiwa. Kila kilipojibu moja na kusahau nyingine, matatizo yalifuata.

Kabla ya reli, kila mji wa Uingereza ulifuata jua lake. Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa takriban dakika kumi, na hakuna aliyejali, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kumfikisha mtu Bristol upesi kiasi cha kuiona tofauti hiyo. Novemba 1840 kampuni ya reli ya Great Western iliamua kutumia saa ya London katika vituo vyake vyote. Wenyeji wa Bristol hawakukubali mara moja. Saa ya soko lao la nafaka ilifungwa mshale wa pili wa dakika, mmoja ukionyesha wakati wa mji na mwingine wakati wa reli. Sheria ya kuifanya saa ya Greenwich kuwa saa halali ya Uingereza nzima ilipitishwa mwaka 1880, miaka 40 baadaye.

Marekani walijifunza kwa damu. Tarehe 12 Agosti 1853, karibu na Valley Falls katika jimbo la Rhode Island, treni mbili ziligongana uso kwa uso na watu 14 wakafa. Saa ya kondakta mmoja ilikuwa imechelewa dakika chache. Mwaka 1891 ajali nyingine ilitokea Kipton, Ohio, nayo ilihusishwa na saa ya dereva iliyosimama dakika nne kisha ikaendelea. Baada ya ajali hiyo kampuni ya reli ilimwajiri sonara wa Cleveland, Webb C. Ball, asimamie saa za wafanyakazi. Kanuni aliyoiweka ilikuwa fupi: saa isipotee wala kuongeza zaidi ya sekunde 30 kwa wiki, na ikaguliwe mara kwa mara. Namheshimu sana Ball kwa jambo hili. Alielewa kwamba saa nzuri isiyokaguliwa haina tofauti na saa mbovu, kwa maana hakuna anayejua ni ipi kati ya hizo mbili.

Je, wakati husafirishwaje kutoka saa moja hadi nyingine? London palikuwa na njia ya kibinadamu kabisa. Kuanzia mwaka 1836 John Henry Belville, mtumishi wa kituo cha anga cha Greenwich, alipita mjini na saa ya mfukoni iliyotengenezwa na John Arnold, akiwaonyesha mafundi saa wakati sahihi kwa malipo. Alipofariki, mjane wake aliendelea, na baada yake binti yao Ruth. Bi Ruth alipanda hadi Greenwich, akalinganisha saa yake, akapewa hati ya kuonyesha tofauti yake, kisha akazunguka kwa wateja. Aliifanya kazi hiyo mpaka mwaka 1940, akiwa na zaidi ya miaka 80, wakati redio na simu zilikuwa zimekwisha kuleta wakati sahihi hadi sebuleni. Biashara yake ilikuwa na jambo ambalo vifaa vingi vya kisasa havina: hakudai kwamba saa yake haina kosa. Alibeba saa pamoja na hati inayotaja kosa lake.

Telegrafu ndiyo iliyoleta kasi. Mwaka 1852 Greenwich ilianza kutuma ishara za wakati kwa waya kutoka kwenye saa ya umeme iliyotengenezwa na Charles Shepherd. Saa moja sasa iliweza kuamrisha saa nyingine zilizo mbali nayo bila mtu kutembea. Hapo ndipo sehemu ya pili ya swali ilipodai jibu, maana ishara ya umeme nayo huchukua muda kufika.

Waliojibu ni wapimaji wa ramani. Ili kujua umbali wa mji mmoja kutoka mwingine kwenda mashariki au magharibi, walihitaji kulinganisha saa za pande zote mbili kwa usahihi mkubwa, na ucheleweshaji wa waya uliwaharibia hesabu. Suluhisho lao lilikuwa kutuma ishara kwenda, kisha kutuma nyingine kurudi. Upande wa kwanza ucheleweshaji unaongeza kosa, upande wa pili unalipunguza. Ukichukua wastani, ucheleweshaji unajifuta. Mwaka 1866, mara tu waya wa chini ya Atlantiki ulipoanza kufanya kazi, mwanaastronomia Benjamin Gould alitumia njia hiyo kati ya Valentia, Ireland, na Heart's Content, Newfoundland. Msomaji aishike hesabu hii, kwa sababu kompyuta zetu zote zinaitumia hadi leo, na ndiyo inayokosekana katika mitambo mingi.

Viwandani wakati uliingia kwa mlango wa mishahara. Mwaka 1888 Willard Bundy wa Auburn, New York, alibuni mashine ya kurekodi saa ya mfanyakazi kuingia na kutoka. Kampuni iliyotokana na mashine hizo iliunganishwa na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 ikachukua jina la IBM. Kwa miongo kadhaa IBM iliuza mifumo ya saa kwa viwanda na shule: saa mama moja ofisini, na saa watoto ukutani zikisukumwa kwa mapigo ya umeme. Uingereza Frank Hope-Jones alikuwa na mfumo wake wa Synchronome, uliotoa pigo kila sekunde 30. Paris ilijaribu hewa: kuanzia mwaka 1880 saa za mitaani ziliendeshwa kwa hewa iliyosukumwa kwenye mabomba, na mafuriko ya mto Seine ya Januari 1910 yalipoizima mashine, saa za jiji zikasimama kwa pamoja. Mfumo wenye bwana mmoja huanguka na bwana wake.

Kisha akaja Henry Warren wa Ashland, Massachusetts. Aligundua kwamba mota ndogo inayozunguka sambamba na umeme wa gridi inaweza kuendesha saa, mradi kituo cha umeme kihakikishe mizunguko yake kwa sekunde haipotoki. Vituo vya wakati huo havikuhakikisha. Mwaka 1916 Warren alifunga katika kituo cha kampuni ya Edison mjini Boston saa yenye mishale miwili, mmoja ukiongozwa na pendulamu na mwingine na umeme wa kituo chenyewe. Kazi ya mwendeshaji ilikuwa kuhakikisha mishale hiyo inatembea pamoja. Tangu hapo kila soketi ya ukutani ikawa chanzo cha wakati, na viwanda vikajaa vipima muda vilivyozungushwa na umeme wa kawaida.

Njia ya Warren haijafa. Mwanzoni mwa mwaka 2018, kwa sababu ya mzozo wa umeme kati ya Kosovo na Serbia, gridi ya bara la Ulaya ilikaa wiki kadhaa chini kidogo ya Hezi 50, kwa wastani wa Hezi 49.996. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa taa au friji kuihisi. Lakini saa za majiko na redio katika nchi 25 zilichelewa karibu dakika sita kufikia mwezi Machi. Kosa dogo lisilosahihishwa hujikusanya siku baada ya siku, nalo halitoi kelele.

Sasa tuingie kwenye paneli. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kitengo cha Hydra-Matic cha General Motors kilikuwa kimechoka na makabati ya relei. Kila mtindo mpya wa gari ulimaanisha kung'oa nyaya na kufunga nyingine. Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates, Massachusetts, walikuja na jibu: kompyuta ngumu, isiyo na feni, inayosoma maandishi yaliyochorwa kama mchoro wa relei ili fundi umeme aielewe bila kwenda chuo kujifunza programu. Morley alikuwa akisimulia kwamba aliandika wazo hilo siku ya mwaka mpya wa 1968. Kifaa chao kiliitwa Modicon 084, kwa kuwa kilikuwa mradi wa 84 wa kampuni hiyo. Dunia sasa inavijua vifaa vya jamii hiyo kwa herufi tatu tu, PLC, na fundi wa Athi River au wa Wazo Hill atakuelewa ukizitaja.

PLC za mwanzo zilijua muda lakini hazikujua wakati. Ziliweza kuhesabu sekunde tano kabla ya kufungua vali, ila hazikujua kama ni Jumatatu. Hazikuhitaji. Relei ambazo PLC zilizirithi hazikuwahi kujua tarehe, na mtambo uliendeshwa na mtu mwenye saa ukutani na daftari mkononi. Haja ilikuja pale mkono ulioandika daftari ulipobadilishwa na kompyuta. Ghafla kulikuwa na mashine mbili zinazozungumzia tukio moja, na kila moja ilikuwa na saa yake, au haikuwa nayo kabisa.

Kompyuta zenyewe hazikuwa za kutegemewa. Kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981 ilisahau tarehe kila ilipozimwa. Mtumiaji aliulizwa tarehe na saa kila asubuhi. Mwaka 1984 mtindo wa AT uliletwa ukiwa na saa ya betri. Lakini hata hapo, kompyuta ikishawaka, programu zilihesabu wakati kwa mapigo yapatayo 18 kwa sekunde, hivyo hakuna muhuri uliokuwa bora kuliko milisekunde 55. Kulikuwa pia na kasoro ambayo naiona ya kufundisha. Usiku wa manane ulipopita, mashine iliinua bendera moja ya ndani kuashiria kwamba siku imebadilika. Bendera ilikuwa moja tu, haikuweza kuhesabu. Kompyuta ikikaa bila programu yoyote kuiuliza saa mpaka usiku wa manane wa pili upite, siku moja ilipotea. Katika kiwanda kilichofungwa Jumamosi na Jumapili, kumbukumbu za Jumatatu zingeweza kuandikwa kwa tarehe ya Jumamosi.

Hivyo katika miaka hiyo haikuwa dhahiri hata kidogo nani amtii mwenzake. Mara nyingi PLC ndiyo iliyokuwa na saa thabiti zaidi, kwa kuwa haikuzimwa wala haikushughulishwa na kazi nyingine. Wahandisi wengine waliandika programu ya kompyuta kuisoma saa ya PLC kila ilipowashwa. Wengine walifanya kinyume. Nadhani wote walikuwa na sababu, na kosa halikuwa katika chaguo. Kosa lilikuwa kutochagua, au mbaya zaidi, kuchagua mara mbili: kompyuta ya kwanza ikiiandikia PLC wakati wake, ya pili ikiisoma na kujirekebisha, ya tatu ikiiandikia tena. Kundi la saa zinazofuatana hivyo kwa duara litapotoka pamoja, kwa umoja kamili, na hakuna hata moja itakayolalamika.

Nyuma ya saa nyingi za namna hii kuna kipande cha kwatsi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo huchaguliwa kwa sababu ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata sekunde moja kamili. Warren Marrison wa maabara za Bell alitengeneza saa ya kwatsi mwaka 1927, ikiwa kubwa kama kabati. Leo kipande chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mchele. Kipande cha kawaida hukosea sehemu 20 katika milioni, ambayo ni sekunde 1.7 kwa siku, yaani karibu dakika nzima kwa mwezi. Joto huongeza kosa. Paneli iliyo karibu na tanuri na kompyuta iliyo chini ya kiyoyozi zitaachana hata kama vipande vyao vilitoka kiwanda kimoja. Hakuna sababu ya kumlaumu mtengenezaji. Saa mbili zilizoachwa peke yake huachana, hiyo ndiyo hali yake.

Ni lazima basi zikutanishwe, na kukutanishwa kwenyewe kuna mitego. Mwaka 1979 Modicon ilitoa itifaki ya Modbus, lugha nyepesi ya kuuliza na kujibu ambayo imeenea pengine kuliko nyingine yoyote viwandani. Modbus haina amri ya kuweka saa. Kila mtengenezaji au mwandishi wa programu alijipangia rejista zake: hii ya mwaka, hii ya mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Fikiria sasa kompyuta inazisoma moja moja. Inasoma saa, inakuta 10. Inasoma dakika, inakuta 59. Kabla haijasoma sekunde, wakati unageuka kuwa saa 11 kamili, nayo inakuta 0. Inaandika 10:59:00 na kukosea kwa dakika nzima, ingawa kila namba iliyosomwa ilikuwa ya kweli pale iliposomwa. Dawa inajulikana: soma rejista zote kwa ombi moja, au soma mara mbili na ukatae jibu zikitofautiana. Wakati wa kuandika, jaza rejista zote kwanza, kisha inua alama moja inayoiambia PLC izipokee zote kwa mkupuo. Haya yote hayamo kwenye kanuni ya itifaki. Yanapitishwa kwa mdomo kati ya mafundi, na asiyekuwa na wa kumfundisha huyagundua usiku mtambo umesimama.

Kuna mtego wa pili. PLC hufanya kazi kwa mzunguko: inasoma vihisi, inatekeleza programu, inatoa amri, kisha inaanza tena. Ujumbe unaoingia katikati unaweza kungoja mpaka mzunguko uishe. Mzunguko ukiwa wa milisekunde 20, wakati ulioandikwa unaweza kuwa umepitwa kwa milisekunde hizo 20 kabla haujaanza kutumika, ukiacha kando safari ya waya. Kwa daftari la uzalishaji haidhuru. Kwa kumbukumbu za swichi za umeme, ambazo hufunguka kwa mfuatano wa milisekunde chache, mfuatano wote unaweza kupinduka.

Hapa ndipo hesabu ya Gould inarudi. David Mills, baadaye mwalimu wa chuo kikuu cha Delaware aliyekuwa na uoni hafifu tangu utotoni na aliyefariki Januari 2024, alichapisha mwaka 1985 itifaki ya NTP, inayoziongoza saa za kompyuta duniani kote. Msingi wake ni ule ule wa ishara za kwenda na kurudi. Tuseme kompyuta inatuma swali saa yake ikiwa kwenye milisekunde 0. PLC inalipokea saa yake ikisoma 130, inajibu ikisoma 150, na jibu linafika kompyuta ikisoma 60. Safari nzima ilichukua 60, ukitoa 20 za kungoja ndani ya PLC zinabaki 40, yaani 20 kwenda na 20 kurudi. Kwa hiyo PLC iko mbele kwa milisekunde 110. Mihuri minne, kutoa na kugawa kwa mbili, na ucheleweshaji unaonekana wazi. Sharti ni moja: njia ya kwenda na ya kurudi zichukue muda sawa. Zikitofautiana, nusu ya tofauti hiyo inageuka kosa ambalo hesabu haiwezi kuliona.

Mills alifanya jambo jingine ambalo viwanda vilichelewa kulielewa. Alikataa kuirusha saa kwa tofauti ndogo. NTP ikikuta kompyuta iko mbele kidogo, huipunguzia mwendo mpaka wakati halisi uifikie. Haiirudishi nyuma. Katika kiwanda uangalifu huu una thamani kubwa kuliko popote. Saa ya PLC ikirudishwa nyuma ghafla, kazi iliyopangwa kufanyika saa sita kamili inaweza kufanyika mara mbili. Ikirushwa mbele, inaweza kupitwa kabisa. Ripoti itaonyesha kundi la bidhaa lililomalizika kabla ya kuanza. Nimewahi kuona karatasi ya namna hiyo ikitiwa saini na watu watatu.

Watu wa umeme walitangulia wengine. Walikuwa na msimbo wa IRIG wa mwaka 1960, uliobuniwa kwa ajili ya viwanja vya majaribio ya makombora ya Marekani, ambao kwa aina yake ya B hupeleka mapigo 100 kila sekunde kwenye waya wa pekee. Itifaki ya DNP3, iliyotolewa mwaka 1993, iliweka amri ya kupima ucheleweshaji na amri ya kuandika wakati ndani ya kanuni yenyewe. Ujerumani viwanda vingi vilifunga antena ya kupokea DCF77, redio ya Mainflingen karibu na Frankfurt inayotangaza wakati tangu 1973 kwa kasi ya biti moja kila sekunde, hivyo kwamba inachukua dakika nzima kuutaja wakati mara moja. Kisha GPS ikampa kila mwenye antena juu ya paa saa ya atomiki bila malipo.

Mwaka 2002 kanuni ya IEEE 1588 ilizaliwa kutokana na kazi ya John Eidson katika maabara za Hewlett-Packard na baadaye Agilent. Hesabu ni ya kwenda na kurudi tena. Kilichobadilika ni mahali pa kupiga muhuri: unapigwa na kifaa chenyewe pale ujumbe unapogusa waya, kabla programu haijapata nafasi ya kuuchelewesha. Toleo la mwaka 2008 lilizifundisha hata swichi za mtandao kutangaza muda ambao ujumbe ulikaa ndani yake. Hivyo mashine zinakubaliana chini ya mikrosekunde moja, na mikono kadhaa ya roboti inaweza kushika bamba moja bila kulipinda.

Usahihi huo umeleta makosa mapya makubwa. IEEE 1588 kwa kawaida hubeba wakati wa atomiki usio na sekunde za nyongeza, ambao leo uko mbele ya wakati rasmi wa dunia kwa sekunde 37. GPS nayo iko mbele kwa sekunde 18. Kifaa kisichoambiwa tofauti hiyo kitakuwa sahihi hadi mikrosekunde na kukosea kwa sekunde hizo zote. Ukiikuta tofauti ya sekunde 37 au 18 kati ya kompyuta na PLC, usitafute betri mbovu. Sekunde za nyongeza zenyewe, 27 tangu 1972, zitakomeshwa kabla au ifikapo mwaka 2035 kwa uamuzi wa mkutano mkuu wa vipimo wa 2022, na mafundi wa programu watashukuru.

Kwetu Afrika Mashariki tumeepushwa na balaa moja. Katika sehemu kubwa ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini saa husogezwa mbele na kurudishwa kila mwaka, na usiku wa kurudisha, saa moja nzima hutokea mara mbili katika kumbukumbu za mtambo uliowekwa wakati wa mahali. Sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima. Haikuwa hivi daima. Kabla ya uhuru kuna kipindi Nairobi ilikuwa mbele kwa saa mbili na dakika 45. Utulivu tulio nao umetupa uzembe wake. PLC na kompyuta nyingi huku hufika zikiwa na mpangilio wa kiwanda zilikotoka, na mashine inayosogeza saa yake mwezi Machi katikati ya Tanga au Jinja bila mtu kuijua si jambo la kubuni. Tuna pia desturi yetu ya kuhesabu saa tangu macheo, ambayo siwezi kuiacha wala sioni sababu ya kuiacha. Lakini daftari la zamu likisema saa moja na kioo kikisema 07:00, mchunguzi mgeni lazima aambiwe kwa maandishi, si kuachiwa akisie.

Msimamo wangu kuhusu mpangilio ni huu. Saa moja ya kiwanda ichukue wakati kutoka setilaiti au mtandao, na kila kompyuta na kila PLC iitii saa hiyo moja kwa moja. Kompyuta isiwe mjumbe wa kupeleka wakati kwa PLC pale PLC inapoweza kuuchukua yenyewe, kwa kuwa kila kituo cha njiani huongeza kosa. PLC ikiwa ya zamani kiasi cha kutoweza, basi kompyuta moja, inayotajwa kwa jina, iiandikie, mara chache kwa siku, na mbali na usiku wa manane. Kumbukumbu zihifadhiwe kwa wakati wa dunia, na wakati wa mahali uonyeshwe kwenye kioo tu. Tofauti kati ya saa hizo irekodiwe kila siku, kama hati ya Bi Ruth, ili siku ya ajali tujue kosa lilikuwa kiasi gani. Na rejista ya saa ilindwe: katika mtandao wa Modbus usio na uzio, yeyote aliyeunganishwa anaweza kuandika upya historia ya mtambo mzima.

Kazi hii ina tarehe ya mwisho inayojulikana. Vifaa vinavyohesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa biti 32 vitafika kikomo Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, dakika 14 na sekunde 7 baada ya saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata vitajiona viko Desemba 1901. PLC hudumu miaka 20 hadi 30, kwa hiyo nyingi zitakazokabiliwa na asubuhi hiyo zimekwisha kufungwa kwenye paneli zetu na zinafanya kazi leo. Wewe unayesimamia hata moja kati ya hizo, fungua mlango wa paneli wiki hii, ulinganishe saa yake na ya kompyuta, uandike tofauti uliyoiona, na umwulize mtengenezaji kwa barua kifaa hicho kinahesabu wakati namna gani.